Wino wa Kupigia Chapa kwa Pedi



Ni nadra siku hizi kuhudhuria shughuli, ikiwa ni arusi, au mkutano wa chama, au ufunguzi wa duka, usirudi nyumbani na kalamu, kikombe au kishikio cha funguo kilichopigwa chapa jina la mwenye shughuli. Na aghalabu, kabla ya mwezi kwisha, jina lile huwa limekwisha banduka, likabaki doa lisilosomeka. Mwenye kuagiza humlaumu fundi, fundi huulaumu wino, na muuza wino, akiulizwa, hujibu kuwa wino wake ni ule ule unaotumika Ulaya. Nimekaa na watu wa kazi hii mara nyingi, na yakini niliyoipata ni kuwa wote watatu husema kweli kwa kiasi chao: wino ulikuwa mzuri na fundi alikuwa na bidii, walakini wino ule haukuwa wa kitu kile, au uliandaliwa kwa kukisia mahali ulipostahili kupimwa kwa mizani na kwa saa. Haya mawili, uteuzi na maandalizi, ndiyo niliyokusudia kuyazungumza nanyi leo, kwa kuwa bidhaa nyingi huharibika kwa sababu yake na fedha za wanyonge hupotea bure.

Kwanza yafaa tukumbushane jinsi chapa hii inavyopigwa, maana tabia ya wino wake imetokana na safari inayoupasa kuifunga. Kuna bamba, la chuma au la polima, ambalo maandishi yamechimbwa juu yake kwa kina kidogo mno, takriban mikroni 25, na mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Wino humwagwa juu ya bamba ukajaa katika vichimbo vile, kisha wembe hupita, au kikombe cha wino chenye ukingo mkali, na kuufagia wote usiohitajiwa, ukabaki ule uliomo ndani ya maandishi tu. Hapo pedi ya silikoni hushuka, ikajigandamiza juu ya bamba, ikauchukua wino, ikainuka, ikasogea, ikashuka tena juu ya kalamu au kikombe, na kuuweka pale.

Ajabu yake ni kwamba silikoni ni kitu kisichokubali kushikwa na wino, na hiyo ndiyo sababu ikateuliwa kwa kazi hii. Basi pedi huuchukuaje wino usioweza kushika juu yake? Huuchukua kwa kuwa wino ukiwa wazi juu ya bamba, dawa ya kuyeyushia iliyomo usoni mwake, ambayo mafundi huiita thina, huruka hewani, na uso ule ukaanza kunata. Pedi ikiwa njiani, upande wa chini wa wino, uliokuwa umefichika ndani ya kichimbo na sasa uko wazi, nao hupoteza thina yake ukanata zaidi, hata ukigusa kalamu huona ni afadhali kubaki juu ya kalamu kuliko kurudi na pedi. Yote hayo hutimia katika muda wa sekunde chache. Thina ikiruka upesi kupita kiasi, wino hukaukia ndani ya bamba au juu ya pedi, na herufi hutoka zina mapengo. Ikiruka polepole kupita kiasi, wino hubaki mbichi, na pedi huurudisha nusu yake. Kwa hiyo mtu anayetia thina kwenye wino anapanga mwendo wa saa ndogo isiyoonekana, na akikosea kidogo tu, mashine ya thamani kubwa namna gani haitamfaa.

Sanaa hii asili yake ni saa hasa. Mafundi wa Uswisi walikuwa wakiziandika nyuso za saa kwa pedi za jelatini, kazi ya mkono yenye subira nyingi, mpaka miaka ya 1960, ambapo Mjerumani Wilfried Philipp alitengeneza mashine iliyotumia pedi za silikoni, zenye kudumu kuliko jelatini; na tangu hapo chapa hii ikatoka katika karakana za saa ikaenea katika viwanda vya kila namna. Nyuso za watu wadogo wa Lego wanaochezewa na watoto hupigwa kwa njia hii, na mipira ya gofu pia, na swichi, na vitufe vya vyombo vya umeme. Sababu ni moja: pedi hulainika ikafuata umbo la kitu, kiwe cha mviringo, au kimebonyea, au kina matuta, ambapo chapa nyingine hutaka uso ulionyooka.

Sasa tuje katika uteuzi. Mteja akiingia karakana neno lake la kwanza ni rangi. “Bwana fundi, nataka nyekundu ya chama chetu, isiwe ya damu ya mzee, iwe ile ile.” Ni haki yake kusema hivyo, lakini fundi akianzia hapo ameanza kazi kwa mwisho wake. Wino huu umefanywa kwa unga wa rangi, ambao ndio unaoonekana. Kwa utomvu, ambao ndio unaoshika. Na kwa dawa za kuyeyushia, ambazo hazibaki, kazi yake ni kuusafirisha ule utomvu kisha kutoweka. Rangi nyekundu hupatikana katika kila aina ya wino, ilhali utomvu unaoshika juu ya kioo si unaoshika juu ya plastiki, na unaoshika juu ya plastiki hii hauishiki ile. Basi swali la kwanza la fundi liwe: kitu hiki kimefanywa kwa nini?

Tazama kalamu ya Bic Cristal, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950, na ambayo sidhani yupo mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki asiyeijua. Mwili wake wenye pande sita ni plastiki iitwayo polistairini, na kifuniko chake ni polipropilini. Kwa macho zote mbili ni plastiki tu. Lakini kata kipande kidogo cha kila kimoja, uvitie katika bakuli la maji na kuvizamisha kwa kidole hata mapovu ya hewa yatoke, nawe utaona kipande cha mwili kinakaa chini na kipande cha kifuniko kinaibuka, na kila ukikizamisha kinaibuka tena, kwa sababu polipropilini ni nyepesi kuliko maji na polistairini ni nzito kuliko maji. Jaribio hili halina gharama yoyote, na lau kila fundi angelifanya kabla ya kufungua kopo la wino, malalamiko mengi yasingezaliwa. Kile kipande kilichozama kitaupokea wino wa kawaida, wa sehemu moja, kwa kuwa thina iliyomo ndani yake hulainisha uso wa polistairini kidogo na utomvu ukajishikiza humo. Kile kilichoibuka hakitaupokea, na wino ukikauka juu yake utauondoa kwa ukucha, herufi kwa herufi.

Polipropilini na ndugu yake polithini ndizo adui mkubwa wa mpiga chapa, na bahati mbaya ndizo zilizoenea kupita zote: ndoo, majagi, visahani, vifuniko, chupa za wanamichezo, makopo ya dawa. Nyuso zake hazikubali kimiminika kutandaa. Tone la maji juu yake hujikunja na kusimama peke yake. Wenye elimu hupima tabia hiyo kwa kipimo kiitwacho daini, na plastiki hizi katika hali yake ya asili husimama karibu na 30, ambapo wino hutaka uso wenye 38 au zaidi. Pengo hilo halizibwi kwa kununua wino ghali zaidi. Huzibwa kwa kuupitisha uso wa chombo katika ndimi za moto wa buluu wa gesi kwa muda mfupi mno, usiotosha kukiyeyusha wala kukipinda, kwani moto ule huitia hewa ya oksijeni katika ngozi ya plastiki na kuibadilisha tabia. Au kwa umeme wenye msukumo mkubwa, kwa wenye mashine hiyo. Au kwa kupaka dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa plastiki hizo mahususi. Baada ya moto, dondosha tena lile tone la maji: likitandaa, kazi imekubali, likijikunja, rudia. Kisha upige chapa siku ile ile, maana uso uliofanyiwa hivi hurudia tabia yake ya zamani kadiri siku zinavyokwenda, na vumbi na mafuta ya vidole huuharibu mapema zaidi.

Vyombo vingi vina alama ya pembetatu chini yake, na ndani yake tarakimu. Tarakimu 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini, 6 ni polistairini, 3 ni PVC, na 1 ni ile ya chupa za maji ya kunywa. Ni alama iliyowekwa kwa ajili ya watu wa kuchakata taka, lakini fundi wa chapa naye aisome, kwa kuwa humwambia mengi bila ya kumtoza kitu. Tarakimu 7 peke yake haimwambii neno, maana hukusanya plastiki zote zilizobaki.

Ukiacha plastiki zenye kupokea wino wa kawaida, yaani polistairini, ABS, PVC ngumu na akriliki, vitu vingi vilivyobaki hutaka wino wa sehemu mbili, ambao hutiwa dawa ya kuugumisha, maarufu kwa mafundi kwa jina la hadina. Wino wa sehemu moja hukauka kwa kupoteza thina tu, na ukiurudishia thina utayeyuka tena. Ndiyo sababu kishikio cha funguo kikiguswa na manukato au mafuta ya petroli, jina lake huondoka. Wino wa sehemu mbili haukauki tu. Hadina na utomvu hushikana vikawa kitu kimoja kipya kisichoyeyuka tena. Chuma, chupa za chai zilizopakwa rangi, kioo, nailoni, na zile plastiki zisizopokea wino kwa urahisi, zilizokwisha pitishwa motoni, zote hizo zataka wino wa namna hii.

Kioo kina masharti yake. Bilauri hutaka wino wa kioo na hadina yake, na ikiwa itaoshwa kila siku, basi baada ya kupigwa chapa ichomwe katika tanuri, kwa wino nyingi yapata nyuzi 140 za Selsiasi kwa nusu saa, ndipo maandishi yatakapoikabili sabuni na maji moto. Na hata baada ya hayo, mahali pa mdomo paachwe. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kuacha milimita 20 kutoka ukingoni bila chapa yoyote, kwa kuwa huko midomo hugusa, na wino si chakula. Mteja akisisitiza jina lifike juu kabisa ya bilauri, fundi na amkatalie kwa upole. Hana ruhusa ya kuuza hilo.

Wapo pia wanaoleta bangili za mpira wa silikoni, zile zinazovaliwa katika matembezi ya hisani, wakataka zipigwe chapa kwa wino uliomo karakana. Afikiri mtu kidogo: pedi yenyewe ni silikoni, na wino wote ule umeundwa ili uiache silikoni. Utaiacha na bangili. Kazi hiyo ina wino wake, wa silikoni vile vile, na asiye nao aseme hana.

Baada ya yote hayo ndipo irudi rangi. Kwa kuwa wino unaofika juu ya kitu ni mwembamba mno, haufichi kilicho chini yake kama rangi ya ukutani inavyoficha. Njano juu ya kalamu nyeusi hugeuka kijani kichafu, na nyekundu juu ya buluu hugeuka zambarau. Dawa yake ni kutanguliza nyeupe, kisha rangi yenyewe juu yake, au kupiga mara mbili. Dhahabu na fedha zina chembe kubwa za madini zisizoweza kuingia katika kichimbo kifupi, kwa hiyo hutaka bamba lililochimbwa kwa kina zaidi, na fundi anayetumia bamba la kawaida atapata rangi ya majivu. Hayo yanatosha juu ya rangi.

Maandalizi ndiko makosa mengi yaliko, na ndiko ninakotaka kukaa. Kopo likifunguliwa, wino ukorogwe mpaka chini kabisa kwa kijiti bapa, maana unga wa rangi huzama kopo likikaa, na anayechota juu juu hupata utomvu mwingi na rangi kidogo, na mwisho wa kopo akapata kinyume chake. Kisha kikombe safi kiwekwe juu ya mizani, mizani ya kuhesabu hata sehemu ya kumi ya gramu, ambayo bei yake siku hizi ni ndogo kuliko hasara ya agizo moja lililorudishwa. Uchotwe wino kwa kadiri ya kazi ya saa chache, si kwa kadiri ya agizo zima. Tuseme gramu 100, na karatasi ya mtengenezaji inasema wino kumi kwa hadina moja: basi hadina ni gramu 10, zimiminwe polepole huku macho yakiwa juu ya mizani, kisha vikorogwe taratibu kwa dakika kadhaa, kingo na chini ya kikombe zikipanguswa kwa kijiti, pasipo kupigapiga, ili mapovu yasiingie. Si kila wino ni kumi kwa moja. Upo wa nne kwa moja na upo wa ishirini kwa moja, na kioo na chuma huenda vikawa na hesabu tofauti, kwa hiyo karatasi ya mtengenezaji isomwe kila mara, hata kama fundi anaikumbuka.

Wapo wanaoamini kuwa hadina ikizidi nguvu huzidi. Sivyo. Hadina ni mwenzi wa utomvu kwa hesabu maalumu, na ile isiyopata mwenzi hubaki pweke ndani ya wino, ikaufanya uvunjike ukikunjwa au ubaki laini usikomae. Na ikipungua, utomvu uliokosa mwenzi hubaki unayeyuka kwa thina kama wino wa sehemu moja, na fedha ya hadina yote ikawa imetupwa.

Baada ya hadina ndipo ije thina, asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa wino katika kazi nyingi, nayo itiwe kidogo kidogo. Kipimo cha macho, kwa asiyekuwa na chombo cha kupimia wepesi, ni kuinua kijiti na kutazama unavyoteremka: uwe kama shira ya kaimati inapokaribia kuepuliwa, inayoteremka kwa uzi mmoja usiokatika, si inayodondoka kwa matone wala inayokwama kijitini. Thina nayo si moja. Kuna ya haraka, ya wastani na ya polepole, na hapo ndipo nchi yetu inapoingia, kwa sababu makaratasi ya watengenezaji yameandikwa kwa karakana yenye nyuzi 20 na kitu za joto na unyevu wa nusu kwa nusu. Mchana wa Januari Mombasa au Dar es Salaam, chini ya paa la mabati, joto hupita nyuzi 32 kwa urahisi. Thina ya haraka hapo huruka kabla pedi haijafika, na fundi, akiona herufi zina mapengo, huongeza tena thina ile ile ya haraka, ukawa wino mwepesi uliokosa rangi na bado unakauka upesi. Alichotakiwa kufanya ni kubadilisha aina ya thina, kutia ya polepole, na kuacha kiasi kile kile. Mwenzake wa Nairobi, aliye juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, asubuhi za Julai ana shida ya kinyume: wino haunati, na kibaya zaidi ni kuwa hadina chini ya nyuzi 15 karibu husimama isifanye kazi, hata chapa iliyoonekana kavu ikafutika baada ya wiki. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu, umeme wa msuguano hukusanyika juu ya plastiki, na wino ukitua hutoa nywele nyembamba pembeni ya herufi. Huko nguo mbovu iliyoloweshwa maji sakafuni na thina ya polepole husaidia sana.

Unyevu wa pwani una madhara yake mengine yasiyoonekana. Hadina nyingi za wino wa plastiki na wa chuma hazipatani na maji, hata yale yaliyomo hewani. Kopo likiachwa wazi, hadina hushikana na mvuke wa hewa badala ya kuungoja utomvu, ikatoa gesi, ikawa nzito, mara nyingine ikaganda kabisa. Kwa hiyo kifuniko kirudishwe papo hapo baada ya kumimina, kabla ya kukoroga, na hadina inunuliwe katika makopo madogo, hata kama kopo kubwa lina nafuu ya bei. Nafuu hiyo huliwa na hewa.

Na sasa lipo jambo ambalo, kama msikilizaji hatachukua neno lingine katika mazungumzo haya, ningeomba achukue hilo. Wino uliotiwa hadina una umri. Karatasi huandika saa sita, au nane, au zaidi, kwa joto la nyuzi 20. Katika joto la pwani umri huo hupungua sana, huweza kukaribia nusu. Tangu hadina ilipoingia, utomvu na hadina vimekwisha anza kushikana ndani ya kikombe, na umri ukiisha vitakuwa vimeshikana wenyewe kwa wenyewe, havina tena haja ya kioo wala chuma. Ila wino ule haugandi ghafla ukawa jiwe. Huzidi uzito kidogo kidogo, na fundi akiona hivyo huongeza thina, nao hulainika, hung'aa, huingia katika vichimbo, huchukuliwa na pedi, na hutua juu ya chupa kwa herufi safi kabisa. Jioni hakuna mtu awezaye kutofautisha chupa iliyopigwa saa tatu asubuhi na iliyopigwa saa kumi alasiri. Baada ya siku kumi chapa za asubuhi zinaoshwa hazitoki, na zile za alasiri zinatoka kwa kitambaa. Huo ndio ugomvi wa agizo moja ambalo nusu yake ni nzuri na nusu yake ni mbovu, na watu hulitafutia sababu katika kila kitu isipokuwa saa. Fundi na aandike wakati wa kutia hadina kwa kalamu juu ya kikombe chenyewe, na ukifika mwisho wake, kilichobaki kimwagwe panapostahili, kisichanganywe na kipya, wala kisirudishwe koponi.

Majaribio ya mwisho ni mepesi. Wino wa sehemu mbili huhitaji siku kadhaa kukomaa, kwa wino nyingi kati ya siku nne na saba katika joto la kawaida, ingawa huonekana mkavu baada ya dakika chache. Baada ya siku hizo, chukua vipande viwili vitatu vya agizo, ukate kwa wembe mistari sita juu ya chapa, milimita moja moja, na mingine sita ya kuikingama, upate miraba midogo 25. Bandika utepe wa gundi, usugue kwa kidole, kisha uuvute kwa ghafla. Miraba yote ikibaki, chapa imeshika. Ikiondoka mitatu minne, tafuta sababu kabla bidhaa haijatoka mlangoni. Jaribio hili likifanywa siku ile ile ya kupiga chapa halina maana, huuhukumu wino kabla ya kubaleghe kwake.

Siwezi kumaliza bila kutaja siha ya watu wa kazi hii, kwa kuwa nimeona karakana nyingi ndogo, chumba kimoja chenye dirisha moja lililofungwa kwa hofu ya vumbi, na kijana ameinama juu ya kikombe tangu asubuhi mpaka magharibi akivuta mvuke wa thina. Thina hizi huumiza kichwa leo na huweza kudhuru viungo vya ndani kwa muda mrefu. Hadina za aina ya aisosaineti ni hatari zaidi, kwa sababu huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na akisha ipata, hata chembe ndogo ya dawa ile humrudishia. Glavu, dirisha lililo wazi na feni inayotoa hewa nje si anasa ya matajiri. Ni ijara ya kwanza anayostahili kulipwa kibarua kabla ya mshahara. Na vitu vya watoto, ambavyo huenda vinywani, vipigwe kwa wino ambao mtengenezaji ameuthibitisha kuwa hauna risasi wala madini mengine ya sumu, na uthibitisho huo uwe wa maandishi.

Basi nimalizie kwa ombi kwenu ninyi mnaoagiza. Mnapopeleka kalamu au bilauri kwa fundi, mpelekeeni kwanza chache za kujaribu, mwambieni zitatumika wapi na kuoshwa kwa nini, na mpeni siku za kutosha, angalau siku saba baada ya kupiga chapa, kabla ya shughuli yenu. Fundi anayepewa agizo Ijumaa kwa arusi ya Jumapili hana namna ya kuwapa wino uliokomaa, hata akiwa hodari namna gani.